Simu ya Kafara Yapata Sifa

Kwa wasomaji walionililia wiki iliyopita, asanteni, machozi yenu yamepokelewa. Kwa waliocheka, nawajua kwa majina.

Na kwa yule ambaye gazeti lile alifungia vitunguu kabla ya kulisoma: mimi ni Tak Se-un, mwanafunzi wa bweni katika shule iliyowekwa juu ya mlima mkoani Gangwon ili tusome bila kuiona dunia. Wiki iliyopita niliirekodi sauti ya Naibu Mkuu wetu, Mwalimu Ma Yeong-dal, nikaificha chooni, na kila aliyeingia akasikia akiamriwa, "Simama wima, kijana." Watu walitii. Choo kilipata taabu. Nami nikarundikiwa alama za adhabu mpaka ukingoni: kosa moja zaidi, mzazi anaitwa shuleni.

Mama alinipigia mwanzoni mwa wiki hii. Hakufoka. Mama akifoka unajua utapona.

"Se-un, Ijumaa kazini kwa baba yako wanaamua nani aombwe kustaafu kwa hiari."

"Hiari ya nani?"

"Usinichekeshe. Umri wake ndio ule wanaoutafuta, na idara yake ndiyo wanayoitazama kwanza. Akiomba ruhusa wiki hii aje kusimama mbele ya walimu kwa ajili yako, amewapa sababu. Nakuomba kitu kimoja tu. Mpaka Ijumaa, usiwepo."

"Niwe wapi?"

"Uwepo, lakini usionekane, usisikike, usitajwe."

Nikaapa. Ilikuwa Jumatatu, na nilikuwa na nia njema kabisa. Madhara yangu makubwa yote huanza na nia njema.

Inabidi mjue baba yangu anafanya kazi gani. Ni fundi viraka, ila si wa nguo wala wa matairi. Yuko katika kampuni ya simu ambayo sitaitaja kwa kuwa nina akili, idara ya masasisho ya simu za zamani. Wezi wakigundua tundu ndani ya simu yako, Baba anakaa kitini anashona kiraka, kiraka kinakufikia umelala, na asubuhi unalalamika kwamba simu imejizima bila ruhusa yako. Hayo ndiyo malipo yake ya shukrani.

Simu za sasa zimeahidiwa viraka kwa miaka saba. Za zamani ziliahidiwa minne. Kampuni inampenda mteja wake kwa moyo wote, kwa muda wa miaka minne. Baada ya hapo inamwaga kwa tangazo fupi lenye picha ya ua, na simu yake, ambayo inawaka, inapiga na inapokea, inahesabiwa marehemu. Baba ndiye mzikaji.

Sasa nije kwenye dhambi ya taifa zima.

Shuleni kwetu, kila asubuhi mwanafunzi anaikabidhi simu yake kwa mwalimu wa darasa. Inaingia kwenye sanduku lenye vyumba vidogo vidogo na kufungiwa mpaka jioni. Hiyo ndiyo sheria. Na kila mwanafunzi mwenye akili timamu ana simu mbili: moja ya kukabidhi, moja ya kutumia. Ya kukabidhi ni mkweche wowote unaofanana na simu. Tunaiita simu ya kafara. Inachinjwa asubuhi na kufufuka jioni. Walimu wanajua. Wanajua kama mtu anavyojua kilichomo ndani ya soseji, na bado anaomba ya pili.

Yangu niliirithi kwa mwanafunzi aliyehitimu, naye aliirithi kwa mwenzake aliyemtangulia. Ile ya kweli, zawadi ya Baba ya Mwaka Mpya, inaishi ndani ya soksi yangu ya kushoto.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, Naibu Mkuu alisimama bwaloni kutuhutubia. Nyuma yake skrini kubwa ilionyesha ratiba ya mitihani. Ghafla ratiba ikatoweka, likaja tangazo la dawa ya kuotesha nywele.

Naibu Mkuu ana kichwa ambacho ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Hakugeuka. "Msione aibu kubadilika," alisema kwa hisia, na nyuma yake mtu mwenye upara akaota nywele mpaka mabegani.

Bwalo zima lilinigeukia mimi. Mimi, niliyekuwa nakula kabichi langu kwa unyenyekevu wa mtawa. Naapa hapa gazetini: haikuwa mimi. Nilitamani sana iwe mimi.

Akaletwa fundi wa kompyuta kutoka mjini. Akachungulia nyaya, akasema virusi vimeingia kwenye mtandao wa shule kupitia simu ya zamani isiyopata viraka. Naibu Mkuu akatangaza kwamba asubuhi inayofuata kila simu itakayokabidhiwa itafunguliwa na kutazamwa tarehe ya kiraka chake cha mwisho.

Jioni bwenini palikuwa na majonzi kama msibani.

"Tumekwisha," alisema Bong Hae-chan, ninayelala naye chumba kimoja. "Hakuna simu ya kafara yenye kiraka. Zote ni maiti."

"Ya kwako ikoje?"

"Haina betri. Ndani nimeweka kipande cha sabuni ipate uzito."

"Basi wewe umepona. Sabuni haina tarehe."

"Nawe peleka ile ya soksini, yaishe."

"Nikaishi vipi mchana kutwa?"

"Kwa kusoma," alisema Hae-chan, tukacheka mpaka tukasahau shida.

Asubuhi ya Jumatano tulipanga foleni. Fundi alikaa mezani, Naibu Mkuu amesimama nyuma yake. Wengi walikuwa wameleta simu zao za kweli huku nyuso zimewaanguka. Mimi, kwa kiburi kisicho na matibabu, nilileta maiti yangu.

Fundi akaifungua. Akamwonyesha Naibu Mkuu.

"Tak Se-un," alisema Naibu Mkuu taratibu. "Simu hii imepata kiraka mara ya mwisho ulipokuwa bado shule ya msingi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na unataka niamini kwamba ndiyo unayotumia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nipe namba ya baba yako."

Nikamwona Baba ofisini, anainuka, anakwenda kuomba ruhusa, na wakubwa wanatazamana. Mdomo wangu ukaondoka bila mimi.

"Mwalimu, simu hii inawaka. Inapiga, inapokea. Kwa nini niitupe? Wao ndio walioiacha. Mimi nitaachaje kitu ambacho hakijanikosea?"

Nyuma yangu Hae-chan alipaliwa na mate yake mwenyewe.

 Nikasubiri hukumu. Badala yake Naibu Mkuu akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaiweka mezani kando ya yangu.

Zilikuwa pacha. Toleo lile lile, hata ufa wa kioo kwenye kona.

"Miaka minne tu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Jokofu langu lina umri wa kuoa. Jiko la wali la mama mkwe wangu linapika tangu sijaoa. Halafu hawa wanakuja kuniambia simu imezeeka. Juzi programu ya benki imenifukuza. Mimi. Nimesimama kaunta kama mwizi, binti mmoja ananiambia, 'Babu, nunua mpya.'"

Fundi aliitazama simu ya Naibu Mkuu. Akaitazama tena, kisha akaikodolea macho dari, kwa sababu alikuwa ameshatambua virusi vimetoka wapi, na alikuwa bado hajalipwa.

"Watoto wa siku hizi wanabadili simu kama soksi," Naibu Mkuu akaendelea, akaniwekea mkono begani. Soksi yangu ya kushoto ikapata joto. "Kumbe tulikuwa na mtu kati yetu, na mimi nilidhani ni mhuni."

Ndivyo nilivyotoka kwenye uhuni na kuingia kwenye utukufu, bila kituo cha kushukia.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemwita mwanafunzi wake wa zamani, Noh Ran-hui, mwandishi wa gazeti la wilaya. Nikakumbuka kiapo kwa Mama. Nikaamua kuwa mtu mchoshi kuliko wote mlimani.

"Kwa nini hukununua simu mpya?" aliuliza Noh.

"Sijui."

Akaandika kwa bidii. "Unajisikiaje kampuni ikikuacha?"

"Kawaida."

"Kawaida," alirudia, akamtazama Naibu Mkuu kama mtu aliyesikia sala. "Una ujumbe wowote kwao?"

"Sina."

Jioni habari ikatoka mtandaoni. "SINA LA KUWAAMBIA: Kijana wa Mlimani Aipa Kisogo Kampuni ya Simu." Picha yetu ilikuwa kubwa. Naibu Mkuu na mimi tumesimama bega kwa bega, kila mmoja ameshika simu yake kifuani kwa mikono miwili, kama watoto wa marehemu wanavyoshika picha mbele ya jeneza.

Mpaka asubuhi nchi nzima ilikuwa inatoa maiti kabatini. Watu walipiga picha simu zao zikiwa na utepe mweusi kwenye kona. Wengine walizichomea ubani. Katikati ya mizaha hiyo bibi mmoja wa Mokpo aliandika kwamba yake ni ile ile, benki imemfukuza, mjukuu aliyekuwa akimsaidia yuko Kanada, na je, yule kijana wa mlimani anafanyaje?

Kijana wa mlimani alikuwa chumba cha kufulia, simu ya soksini sikioni, anapokea kipigo kwa mdomo.

"Nilikuambia usionekane."

"Nilijitahidi, Mama."

"Shangazi yako wa Jeju amekuona. Yule ambaye hata wali wake haoni vizuri."

"Lakini jina la kampuni sikulitaja."

"Jina lako limetajwa. Akina Tak wako wangapi nchi hii? Wakubwa wa baba yako si vipofu. Wamemwita asubuhi, na sasa yuko njiani anakuja huko."

"Ameomba ruhusa?"

"Ametumwa. Ni mbaya zaidi. Vaa shati safi."

Baba alifika Alhamisi mchana akiwa na tai ya kazini. Naibu Mkuu alimpokea kama mkwe, akamketisha, akakoroga kahawa ya pakiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba Se-un, umelea. Nasema umelea. Samahani, nisiulize kama polisi, lakini unafanya kazi gani?"

Nilimwomba Baba kwa macho aseme anauza mboga.

"Niko kampuni ya simu," alisema Baba. "Hiyo hiyo. Idara ya masasisho ya simu za zamani."

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Naibu Mkuu.

"Ni mimi."

"Benki—"

"Nimesoma. Pole sana, Mwalimu."

Na baba yangu akainuka, akafunga kifungo cha koti, akainama mbele ya Naibu Mkuu mpaka nikaona sehemu ya kichwa chake ambako nywele zimeanza kumhama. Akabaki hivyo. Nimeshafanya mengi shuleni hapa, wasomaji, na sijawahi kuona aibu. Nilitamani niingie ndani ya soksi nikae na simu.

"Basi, basi, Baba Se-un, keti," alisema Naibu Mkuu kwa fadhaa. "Wewe ni mwajiriwa tu. Wewe hukupanga miaka."

"Niliomba waongeze," alisema Baba akiketi. "Walikataa. Naweza kuiona simu ya mtoto?"

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaenda moja kwa moja mahali pa tarehe ya kiraka, akapatazama kama mwalimu aliyekutana sokoni na mwanafunzi wake wa zamani.

"Hiki ndicho cha mwisho nilichoruhusiwa kuzishonea hizi," alisema.

Kisha akaigeuza. Mgongoni mwa simu ya kafara, warithi wote walionitangulia walikuwa wamechonga majina yao kwa ncha ya bikari, kila mmoja chini ya mwenzake, kama wafalme. Baba aliyasoma yote polepole. Akairudisha mezani, kioo juu.

"Mtoto wa nyoka—hapana, nimekosea, mtoto anafuata baba," alisema Naibu Mkuu kwa furaha.

"Naona," alisema Baba.

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Tukaingia, tukakaa, hakuwasha injini. Ilikuwa na joto, akashusha vioo.

"Toa," alisema.

"Nini, Baba?"

"Se-un."

Nikatoa. Akaishika kwa vidole viwili.

"Inanuka."

"Ni soksi ya michezo."

Akaiweka juu ya dashibodi, ipate hewa. Hakunigombeza. Alitazama mbele na kuzungumza kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Idara ya habari wamekisia kwamba ile ni simu ya kukabidhi. Nao wamesoma bweni, kila mmoja wao alikuwa nayo. Nimetumwa nikutake umwambie yule mwandishi ukweli. Ataandika, watu watacheka, kesho wamesahau."

"Nawe Ijumaa?"

"Nitakuwa nimefanya nilichotumwa. Nitabaki kazini."

"Basi nitasema leo leo. Kuchekwa nina uzoefu. Naibu Mkuu atanifukuza bweni, lakini nitaishi."

"Atachekwa yeye pia."

"Baba, alinisimamisha kama picha ya marehemu. Ameyataka."

Hakucheka.

"Kuna kiraka kimoja," alisema. "Muda wa simu hizi ulipoisha, nilikuta tundu. Baya. Ndilo lililowaletea ile dawa ya nywele bwaloni, na dawa ya nywele ni bahati; wengine wanaibiwa akiba. Nimekishona saa zangu za chakula. Kimepimwa, kiko tayari. Kimekaa tu, kwa sababu simu zimeshazikwa na hakuna anayetaka kufukua."

"Sasa?"

"Leo asubuhi mkurugenzi wangu ameniuliza kama kipo. Hajawahi kuniuliza. Ameona watu wanachomea simu ubani, akaingiwa na hofu." Alifuta usukani ambao haukuwa na vumbi. "Ukisema ulikuwa mchezo, hataniuliza tena."

"Na nisiposema?"

"Huenda wakakitoa. Watu wote wenye simu hizo watakipata. Halafu wakubwa wangu wataketi na kukumbuka ni mtoto wa nani aliyewalazimisha."

Nilimfikiria yule bibi wa Mokpo, jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mama anataka niseme."

"Mama yako anataka tule."

"Wewe unataka nini, Baba?"

Alifungua mdomo kunijibu. Simu yake ikaita, na kwa kuwa gari lake ni la kisasa kuliko heshima yetu, sauti ikatoka kwenye spika zote.

"Bwana Tak."

"Ndiyo, Mkurugenzi Yeom."

"Upo na kijana?"

"Nipo naye."

"Sitaki maelezo. Nina wa rika lake nyumbani, najua wanavyoishi. Kesho asubuhi tunakaa kikao, na nataka niingie nikiwa na jibu moja. Mwulize nisikie mwenyewe: ile simu ni yake, au si yake?"

Baba hakuniuliza. Hakunitazama hata kidogo. Alitazama mlima, mikono juu ya usukani, kana kwamba tunaendesha.

"Anakusikia," alisema tu.

Kivuli kikaniangukia begani. Upande wangu, nje ya dirisha lililo wazi, Naibu Mkuu alikuwa amesimama na mfuko mkubwa wa viazi vya shambani kwake, zawadi ya kumpa Baba arudi nayo mjini. Alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia kila neno la mkurugenzi, na uso wake haukuwa na wasiwasi hata chembe. Simu ya soksini ilikuwa juu ya dashibodi, mpya, inang'aa, mbele ya macho yetu sote, naye alikuwa bado hajaitazama.

Akainama mpaka kichwa chake kikaingia ndani ya gari.

"Mwambie ukweli, kijana," aliniambia kwa upole ambao sijawahi kuupata kwa mwalimu yeyote. "Usimwogope. Mimi niko hapa."

Baba akafumba macho.

"Nasubiri," likasema gari.